.375 H&H Magnum ya 1912 na .375 Ruger ya 2007: ipi inafaa zaidi kwa kazi ya mbogo?

Mfuata Nyayo wa Kizigo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa wote, na wenzangu habari za kazi.

Nimefanya kazi katika vitalu vya uwindaji vya upande wa Rungwa na Kizigo kwa miaka tisa, mwanzo nikiwa mbeba bunduki na mfuata nyayo, na sasa nikiwa msaidizi wa mwindaji bingwa. Mwajiri wangu ameniambia nijiandae kwa mtihani wa leseni, na kabla msimu haujafunguliwa mwezi Julai ninatakiwa niwe nimeamua ni bunduki gani nitaiombea kibali. Bunduki hiyo haitakuwa ya kujifurahisha. Itakuwa ya kumlinda mgeni na wafuata nyayo pale mbogo aliyejeruhiwa anapojificha kwenye kichaka, na kwa sababu hiyo ningependa kuuliza kwa makini badala ya kununua kwa mapenzi ya macho.

Nimebakiwa na mbili. Ya kwanza ni bunduki ya zamani ya bolti (ile ya kufunguliwa na kufungwa kwa mkono baada ya kila risasi), ya .375 H&H Magnum, kitako chake cha mti, iliyotumika lakini iliyotunzwa. Ya pili ni mpya, ya .375 Ruger, ya chuma kisichoshika kutu, yenye mtutu mfupi kidogo. Bei zake zimekaribiana sana, kwa hiyo fedha haziwezi kuniamulia.

Tofauti niliyoisoma kwenye makaratasi ni hii. Risasi ya Holland & Holland, iliyotoka London mwaka 1912, inarusha kichwa, yaani ile sehemu inayoruka, cha greni 300, au gramu 19.4, kwa kasi ya takribani mita 770 kwa sekunde. Risasi ya Ruger, iliyobuniwa kwa ushirikiano na kiwanda cha Hornady na kutolewa mwaka 2007, inarusha kichwa cha uzito huo huo kwa takribani mita 810 kwa sekunde, tena kutoka kwenye ganda fupi zaidi, la milimita 65.5 badala ya 72.4. Zote mbili zina kipenyo cha inchi 0.375, yaani milimita 9.5, kwa hiyo mbele ya kanuni zetu, ambazo kwa wanyama hatari hazikubali kipenyo kilicho chini ya hapo, zina haki sawa.

Sasa wazee wananiambia ya zamani haijawahi kumwangusha mtu, na vijana wenzangu wananiambia mita 40 kwa sekunde za ziada si kitu cha kudharau. Naomba aliyezitumia zote mbili, au anayejua sababu za maumbo yake, anieleze ni nini hasa kilichobadilika katika miaka hiyo 95, na kama mabadiliko hayo yana maana yoyote kwa mtu anayesimama hatua 20 kutoka kwa mbogo.

---

Mzee wa Luwegu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, na mimi nitakujibu kutoka upande ninaoujua, ambao ni upande wa risasi ya zamani.

Kwanza elewa kwa nini ganda la H&H lina umbo lile. Waingereza wa wakati ule walitumia baruti iitwayo kordaiti, ambayo haikuwa punje bali nyuzi ndefu kama tambi, zikilazwa kwa urefu ndani ya ganda. Kwa baruti ya namna hiyo ganda refu lilikuwa jambo la kawaida. Lakini kordaiti ilikuwa na tabia mbaya: joto likizidi, shinikizo lake lilipanda sana, na risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Uingereza ilikuwa kitu kingine kabisa ikifika India au huku kwetu. Ganda lililopigwa likiwa na shinikizo kubwa hutanuka na kung'ang'ania kuta za chemba, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa ganda, na mwindaji anabaki akivuta bolti isiyofunguka huku mnyama akija. Dawa waliyoipata ilikuwa mbili kwa pamoja: kujaza baruti kwa kiasi, na kulichonga ganda liwe nene nyuma na jembamba mbele.

Ganda la H&H lina unene wa milimita 13 karibu na kitako chake, na likifika mabegani limeshapungua hadi milimita 11.4. La Ruger linaanza na 13.5 na kufika mabegani likiwa bado 13.1, yaani ni bomba lililonyooka. Fikiria vigingi viwili vilivyopigwa ardhini, kimoja kimechongwa ncha ndefu na kingine kimenyooka. Cha kwanza ukikilegeza kidogo tu kimeachia chote. Cha pili utakwaruzana nacho mpaka sehemu ya mwisho itoke.

Nitakueleza nililoliona mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, mwezi Oktoba, nilikuwa na mgeni aliyekuja na bunduki ya kisasa ya ganda lililonyooka, na risasi alizojijazia nyumbani kwake. Asubuhi ile boksi la risasi lilikaa juu ya dashibodi ya gari, kwenye jua, kwa saa tatu au nne. Alimpiga dume la mbogo nyuma kidogo ya bega, dume likageuka, na alipotaka kurudia bolti haikunyanyuka. Niliona mkono wake unapiga kile kishikio kwa kiganja mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa na .375 H&H, nikamaliza kazi kwa risasi mbili. Yule mfuata nyayo aliyekuwa kushoto kwangu bado yuko hai na ana wajukuu, na kila tukikutana tunaizungumza siku ile.

Jambo la pili ni upatikanaji. Mgeni anayekuja kwa ndege haruhusiwi kubeba risasi zaidi ya kilo 5, na risasi husafiri kando na bunduki. Nimeona bunduki inafika na boksi la risasi linabaki uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Katika kambi ya namna hiyo, mwenye .375 H&H anaazimwa risasi na kambi jirani jioni ile ile. Mwenye kitu kipya anasubiri. Wewe hutasafiri kwa ndege, najua, lakini wewe ndiye utakayekuwa kambini mgeni anapohitaji kuazimwa, na wewe mwenyewe siku moja utaishiwa.

Nunua ya zamani.

---

Fundi wa Mitutu, Arusha, alijibu:

Mzee wangu wa Luwegu, shikamoo. Historia uliyoieleza ni sahihi yote, na mfano wa vigingi nitauazima nikifundisha vijana wa karakana. Hata hivyo, naomba ruhusa nipingane nawe katika jambo moja, kwa sababu kijana akilichukua kama lilivyo anaweza kujiamini mahali pasipostahili.

Hoja ya joto na shinikizo dogo ilikuwa kweli kwa .375 H&H ya kordaiti. Siyo kweli kwa ile inayouzwa leo. Kordaiti imekwisha, baruti za sasa ni za punje, na kiwango cha juu cha shinikizo kinachoruhusiwa kwa .375 H&H barani Ulaya ni bar 4,300. Kwa .375 Ruger kipimo cha Marekani ni takribani kiwango hicho hicho. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Kwa maneno mengine, risasi hizi mbili zikitoka kiwandani mwaka huu zinasukuma kuta za chemba kwa nguvu sawa. Ukiiacha H&H juu ya dashibodi mwezi Oktoba, nayo itapandisha shinikizo. Ule mchongo wa ganda bado unasaidia kulitoa, hilo sikatai, lakini msaada huo si ruhusa ya uzembe. Yule mgeni wako, kwa maelezo yako mwenyewe, alijaza risasi zake nyumbani, nchi yenye hali nyingine ya hewa, pengine akitafuta kasi ya mwisho, kisha akazianika. Naamini angekwama hata kama ganda lingekuwa la mwaka 1912.

Kama kijana anatafuta risasi ya kale ambayo kweli imebaki na shinikizo la chini, hiyo ni .416 Rigby ya mwaka 1911, ambayo kiwango chake ni bar 3,250. Hapo ndipo hoja ya Mzee inakaa kwa uzito wake wote, na nitairudia mtu akiuliza.

Sasa nije kwenye umbo. Watu wengi huuona ule mkanda unaozunguka kitako cha ganda la H&H wakadhani umewekwa kuliimarisha. Haukuwekwa kwa ajili hiyo. Risasi yoyote inapoingia chembani lazima iwe na mahali pa kugota, ili ikae umbali ule ule kutoka kwenye uso wa bolti kila mara. Bunduki za kizungu za mitutu miwili, za kufunguka katikati, zilitumia risasi zenye ukingo mpana nyuma. Lakini ukingo ule husumbua ndani ya magazini ya bunduki ya bolti. Na mabega yenyewe ya H&H yamelala kwa nyuzi 15 tu, kwa hiyo hayafai kugotea kwa uhakika. Holland & Holland wakaweka mkanda ndio ugote. Ruger wameyasimamisha mabega kwa nyuzi 30, risasi inagota pale, na mkanda hauna kazi tena. Kwa mtu anayejaza maganda upya mara tano au sita, mkanda ni usumbufu, kwa sababu ganda huchoka mapema hapo mbele yake. Kwa wewe utakayetumia risasi za kiwandani na kuliacha ganda, mkanda haukuongezei wala haukupunguzii kitu.

Faida ya kweli ya Ruger, kwa maoni yangu, siyo kasi. Ni urefu. Risasi nzima ya H&H ina milimita 91.4, na ya Ruger ina 84.8, sawasawa na .30-06 ya kawaida. Maana yake bolti inarudi nyuma kwa umbali mfupi zaidi, na mtu aliyeogopa ana tabia ya kutoivuta bolti mpaka mwisho. Akiisukuma mbele kabla haijafika nyuma ya risasi inayofuata, anafunga chemba tupu na kusikia mlio mdogo wa chuma badala ya mlipuko. Nimewaona wapigaji wazuri sana wakifanya hivyo shabahani, seuze mbele ya mbogo. Milimita 6.6 hazionekani nyingi mpaka siku hiyo.

Kuhusu zile mita 40: kwa hesabu, nishati inapanda kutoka jouli 5,780 hivi hadi 6,390, yaani zaidi kidogo ya asilimia 10. Bega lako litaziona, hasa ukiwa na bunduki iliyo chini ya kilo 4. Mbogo hatazitofautisha. Kinachoamua ndani ya mbogo ni kichwa cha risasi, na hapa ndipo palipobadilika sana kuliko mahali pengine popote tangu 1912. Vichwa vya pua laini vya zamani vilikuwa madini ya risasi tupu ndani ya koti jembamba. Vikigonga mfupa wa bega kwa karibu vilipasuka na kubaki juu juu. John Nosler alipotoa kichwa chake chenye ukuta wa shaba katikati mwaka 1948, sehemu ya mbele ikawa inafunguka na ya nyuma inaendelea kwenda. Barnes wakaja na kichwa cha shaba tupu mwaka 1989. Kichwa kizuri cha leo ndani ya ganda la mwaka 1912 kinazidi kwa mbali kichwa kibaya ndani ya ganda la mwaka 2007. Kijana, kabla ya kuniuliza ganda gani, niulize kichwa gani.

---

Mtaita wa Alberta alijibu:

Wakuu, salamu kutoka Kanada. Nilizaliwa Voi, na uwindaji nimeujulia huku ugenini, kwa kuwa Kenya ilishafunga uwindaji mwaka 1977 kabla sijapata akili. Natumia .375 Ruger kwa mwaka wa kumi sasa, kwenye misitu yenye kulungu wakubwa wa kaskazini na dubu, na nina mawili tu ya kuongeza.

La kwanza ni kwamba ule mtutu mfupi si pungufu. Bunduki yangu ina mtutu wa milimita 508, na kutoka hapo inatoa karibu kasi ile ile ambayo H&H inaitoa kwenye mtutu wa milimita 610. Kwenye miti iliyosongamana, sentimita 10 zinakuokoa na matawi. Nadhani vichaka vyenu vya Rungwa havina tofauti katika hilo.

La pili ni onyo. Nilipoinunua ilikuwa na kifaa cha kupunguza teke kilichofungwa mwishoni mwa mtutu. Teke lilipungua kweli, lakini mlio ulikuwa ukitupwa pembeni na nyuma, na rafiki aliyesimama kando yangu alikaa siku mbili masikio yakimlia. Wewe utakuwa na wafuata nyayo pembeni, hawana vizibo vya masikio kwa sababu wanasikiliza mnyama. Tafadhali kivue.

Risasi zake katika duka la mji wangu zipo daima. Kwa huko Tanzania siwezi kusema, na hapo namwachia Mzee.

---

Mfuata Nyayo wa Kizigo:

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu haya mara tatu.

Naomba kuongeza maswali mawili. Fundi ametaja .416 Rigby, je, ni busara kwa mtu wa umri wangu kuruka .375 na kwenda huko moja kwa moja, na kama ndiyo, kwa nini nisichukue .416 Remington Magnum ambayo ni mpya na inasemekana inafanya kazi ile ile? Na la pili linatokana na marehemu babu yangu mzaa mama, aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la mlowezi upande wa Iringa. Alikuwa akisimulia bunduki ya Mjerumani aliyoiita "tisa nukta tatu", akisema ilikuwa nyepesi na iliua kila kitu. Bunduki hiyo ilikuwa ipi, na mbona haitajwi hapa?

---

Fundi wa Mitutu, Arusha:

Babu yako alikuwa akisema 9.3x62, na amenifurahisha, kwa sababu kisa chake kinajibu swali lako la kwanza kabisa kuliko sisi sote tulivyolijibu.

Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905, miaka saba kabla ya .375 H&H. Wateja aliowalenga walikuwa walowezi wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, na kwa kweli nchi hii wakati huo ilikuwa mojawapo. Walowezi wale hawakuwa mabwana wa London wa kuagiza bunduki ya mitutu miwili ya bei ya nyumba. Walihitaji kitu kinachokaa kwenye Mauser ya kawaida, bunduki ya bolti ya Kijerumani, bila kuurefusha mwili wa bunduki na bila kulipia kazi ya ziada. Bock akachukua ganda lisilo na mkanda, lenye mabega ya kugotea, linalolingana na magazini ya kawaida, akaweka kichwa cha gramu 18.5, ambacho kwa baruti za sasa kinakwenda kwa takribani mita 720 kwa sekunde. Soma tena maelezo hayo, kisha soma maelezo ya .375 Ruger. Ni wazo lile lile: hakuna mkanda, mwili wa kawaida, kichwa kizito. Kilichoitwa kipya mwaka 2007 kilikuwa kimeshatembea Iringa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ninaipenda sana risasi ile, na ninasikitika kwamba kipenyo chake cha milimita 9.3 kinaanguka chini ya 9.5 kwa nywele tu. Ndiyo maana haitajwi: mahali sheria inapoandika .375, nayo inatoka nje ya mlango, hata kama mbogo mwenyewe hajui.

Kuhusu .416, nadhani Mzee anastahili kuisimulia Rigby.

---

Mzee wa Luwegu:

Ahsante kwa heshima hiyo, fundi. Na kwa masahihisho yako pia. Sikuwahi kuziangalia hizo bar, nilikuwa nikirudia niliyofundishwa na aliyenifundisha. Nimeyapokea.

.416 Rigby nimeibeba misimu sita. Ni ganda kubwa, nene, la milimita 15 nyuma, urefu wake milimita 73.7, na lilijengwa kwa ajili ya Mauser ndefu ambayo nyumba ya John Rigby ya London ilikuwa ikiiuza. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa cha greni 410, kikienda mita 720 hivi kwa sekunde. Nafasi ndani ya ganda ni kubwa kuliko inavyohitajika, na ndiyo maana inafanya kazi hiyo bila kujikaza. Bolti yake baada ya kupiga unainyanyua kwa vidole viwili, iwe asubuhi ya baridi au saa nane mchana. Sijawahi kubeba bunduki niliyoiamini zaidi.

Lakini sitakuficha. Kilichonifanya nianze kwa kukusisitizia upatikanaji ni hiyo hiyo Rigby. Kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kilipoacha kutengeneza risasi kubwa za uwindaji, wenye .416 walibaki na bunduki nzuri zisizo na chakula. Wengi walikimbilia .458 Winchester Magnum, iliyotoka Marekani mwaka 1956, na baadhi yao wakaja kujuta, kwa sababu baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda lile fupi ilikuwa na desturi ya kugandamana, risasi ikatoka bila nguvu. Kwa hiyo ukongwe peke yake si dhamana ya kupatikana. .375 H&H ilipona kwa kuwa Wamarekani waliichukua mapema; Winchester waliiweka kwenye bunduki yao ya Model 70 tangu mwaka 1937, na kuanzia hapo haikutegemea tena kiwanda kimoja cha Birmingham.

Remington walipoona pengo la .416, mwaka 1988 walitoa ya kwao, wakatumia ganda lenye mkanda la ukoo wa H&H. Inarusha greni 400 kwa takribani mita 730, sawa na Rigby, lakini kwa kuwa ganda ni jembamba inalazimika kufanya hivyo kwa shinikizo la zaidi ya bar 4,000. Nimemwona mwenzangu akiitumia kwa miaka bila tatizo. Faida yake ni kwamba inakaa kwenye bunduki yenye urefu wa .375, na magazini inachukua risasi zaidi kuliko ya Rigby. Mimi nikiulizwa kati ya hizo mbili nitachukua Rigby, kwa sababu ya ile bolti ya vidole viwili, na hapa joto bado ni hoja.

Kwako wewe nasema anza na .375. Teke la .416 linamfundisha kijana kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi. Piga risasi mia moja za .375 umesimama, bila kuegemea kitu, kabla hujafikiria kikubwa zaidi.

---

Fundi wa Mitutu, Arusha:

Naunga mkono kila neno la Mzee hapo juu.

Kijana, kabla hujalipia ile H&H ya zamani, fanya jambo moja. Toa bolti nje, chukua tochi, tazama chini ya mdomo wa chemba, pale ngazi inayopandisha risasi kutoka magazini inapokutana na kiti cha pembe ya chini ya bolti, yaani kile kibonge kinachoizuia bolti isirudi nyuma risasi inapolipuka. Bunduki nyingi za .375 H&H za katikati ya karne iliyopita zilijengwa juu ya Mauser za urefu wa kawaida, na ili risasi ya milimita 91 iingie, mafundi walikata chuma mbele na nyuma ya magazini. Wengine walikata kwa busara. Wengine walikata mpaka chuma kinachoishikilia ile pembe kikabaki chembamba, na chuma hicho ni miongoni mwa vinavyobeba nguvu ya mlipuko. Nitafurahi ukinitumia picha.

---

Mfuata Nyayo wa Kizigo:

Nimekwenda leo na tochi, na muuzaji amekuwa mwungwana, ameniruhusu nitoe bolti. Ngazi imekatwa kuelekea mbele kwa alama za tupa zinazoonekana kwa macho, na kiti cha pembe ya chini kimebaki na ukingo ambao siwezi kuuita mnene. Ukuta wa nyuma wa magazini nao umechimbwa. Picha nimeshakutumia, Fundi.

---

Fundi wa Mitutu, Arusha:

Nimeziona. Usiinunue hiyo. Pengine itapiga miaka mingine 20 bila tatizo, lakini mimi nisingeiweka shavuni mwangu, na sitakushauri uiweke kwako.

Kosa hilo ni la mtu aliyeshika tupa, siyo la risasi ya H&H. Ukipata nyingine iliyojengwa juu ya mwili mrefu tangu kiwandani, niite tuitazame pamoja, na sitakuzuia. Ila angalia pia kwamba risasi ya Ruger isingehitaji kukatiwa kitu chochote katika mwili ule.

---

Mfuata Nyayo wa Kizigo:

Nimekuelewa, Fundi, na shikamoo tena Mzee wangu. Muuzaji wa ile ya Ruger amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Katika muda huo nitaulizia Dar es Salaam na Arusha ni maduka mangapi yana risasi zake zenye vichwa vya greni 300, vya pua laini na vigumu, na kwa bei gani. Nikipata maduka mawili yanayonihakikishia boksi tano kila msimu, nitaichukua. Nikikosa, nitaendelea kuitafuta H&H ya mwili mrefu, hata kama itabidi msimu huu nibebe bunduki ya mwajiri.

---

Mzee wa Luwegu:

Sawa, mwanangu. Jirani yangu wa zamani aliyestaafu Morogoro ana Model 70 ya .375 H&H aliyokuwa akisema ataiuza kwa kufuata taratibu zote za kibali. Nitampigia kesho asubuhi, kisha nitakuandikia faragha.